Sufuria ya Ishirini wa Kwanza

Nimekaa miaka minne nyuma ya kaunta ya nyumba ya wageni hapa Same, kando ya barabara kuu, na kwa miaka hiyo minne televisheni iliyo ukutani haijazimwa mchana hata siku moja, labda umeme ukikatika. Hilo ni agizo la bosi. Anasema mgeni akiingia akakuta televisheni inaongea, anajua nyumba ina watu. Mimi nipo pale, nimevaa sketi ya kazi, ninapumua, lakini inaonekana sitoshi kuwa mtu.

Habari na tamthilia nazivumilia. Matangazo ndiyo yaliyonimaliza. Kuna mopu inayojizungusha yenyewe. Kuna mkanda unaoyeyusha tumbo ukiwa umekaa unakula chipsi. Kuna mashine ya kukata vitunguu kwa umbo la ua, na dada anayeitangaza anashangilia mpaka unamhurumia. Katika maisha yangu sijakutana na mtu aliyeteswa na kitunguu kwa sababu hakikufanana na ua. Lakini mara ishirini kwa siku niliambiwa kwamba hilo ni tatizo, na kwamba ni langu.

Lililoniudhi kuliko yote lilikuwa la sufuria ya umeme. Linaanza bila rangi. Mama mmoja yuko jikoni kwenye moshi, anakohoa, watoto wanalia, mume anatazama saa. Sauti ya mwanaume inauliza, "Bado unateseka?" Halafu rangi zinarudi. Yule yule mama sasa kavaa gauni jeupe, nani anapika na gauni jeupe mimi sijui, anabonyeza kitufe, taa ya bluu inawaka. "Makande! Dakika arobaini tu! Piga simu sasa! Ishirini wa kwanza watapata kisu cha kumenyea, bure kabisa!"

Nilikuwa namjibu. Kama hakuna mgeni mapokezi, nilimwambia ndiyo, nateseka, na ni wewe unayenitesa. Wageni wawili watatu walishanikuta nikigombana na ukuta.

Ukikaa kwenye kaunta ile na mlango ukiwa wazi, milima unaiona yote, na wingu limekaa juu yake hata siku ambayo sisi huku chini tunaoka kwa jua na kula vumbi la upepo. Mama yangu alikuwa kule juu, kupita Mwembe, peke yake tangu baba afariki. Naitazama milima, naona karibu na kijiji chetu kilipo, halafu sauti nyuma yangu inaniuliza kama bado nateseka. Ndivyo siku zilivyokwenda.

Kipupwe kile mama alishuka anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha baridi. Kilianzia chini tumboni na kilipomwachia alibaki ameshika ukuta, anatafuta hewa kwa mdomo. Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akauliza, "Mama, unavuta sigara?"

Mama alicheka mpaka akakohoa tena. "Mimi? Tangu nizaliwe sijaishika."

Daktari akaitazama ile picha mara ya pili. "Basi umevuta jiko," akasema.

Mimi aliniita pembeni. Akaniambia mapafu yale hayatarudi yalivyokuwa, kinachowezekana ni kuyasimamisha hapo yalipofika, na hayasimami bila moshi kuisha. Akasema moshi ukiendelea hivi hivi, hadhani kama ataona masika mawili. Aliongea taratibu, kwa heshima, na nilimchukia kwa kila neno.

Msinishauri gesi. Gesi nilishampelekea. Ule mtungi ulikaa sebuleni miezi mitatu umefunikwa kitambaa cha kufuma na redio juu yake, kwa sababu alisikia jiko la mtu fulani bondeni limelipuka, na yeye hawezi kulala nyumba moja na bomu. Wala msinishauri nimlete mjini. Nilimleta. Alikaa siku nne kwenye chumba changu kimoja, vumbi la Same likamkohoza kuliko moshi, siku ya tano akafunga mzigo wake mwenyewe akakaa nao mlangoni. Mama yangu akishakaa mlangoni na mzigo, hakuna wa kumtoa hapo isipokuwa kumpandisha gari.

Nilirudi kazini kesho yake. Sikuwa nimelala vizuri. Nikakaa kwenye kiti changu, na haikupita nusu saa yule mama asiye na rangi akaanza kukohoa ukutani. Nilikuwa nimemwona akikohoa mara elfu, lakini siku ile nilisikia kikohozi cha mama yangu. "Bado unateseka?" Sikumjibu. Nilitafuta kalamu nikaandika namba.

Aliyepokea alikuwa msichana mwenye sauti tamu. "Hongera sana dada yangu! Wewe ni mmoja wa ishirini wa kwanza!" Tangazo lile nilikuwa nimeanza kuliona kabla ya Krismasi, na sasa tulikuwa katikati ya kipupwe. Mtu mwenye akili zake angecheka. Mimi nilisema asante. Aliponitajia bei nilikaa kimya hadi akauliza kama bado nipo hewani. Ilikuwa mishahara yangu miwili na zaidi. Nikamwambia nipo, na kwamba ni ya mama yangu.

Ilikuja kwa basi, ndani ya boksi lenye picha ya yule mama wa gauni jeupe. Kisu kilikuwemo. Kilivunjika kwenye kiazi cha kwanza. Wiki iliyofuata nikaiona sufuria ile ile, taa ile ile ya bluu, kwenye duka moja karibu na sokoni, jina tu tofauti, kwa bei isiyofika nusu. Tangu siku ile nilihama upande wa barabara ili nisipite mbele ya duka lile.

Lakini siku ya kuipandisha nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Nilikodi bodaboda, nikaipakata sufuria njia nzima, kona baada ya kona, baridi ikiongezeka. Mama alinipokea getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini, kichanga?"

Umeme ulikuwa umefika kijijini, nyumba yetu ina taa, na jikoni kuna soketi moja ambayo mama alikuwa akichajia simu. Jiko letu liko nje, nyumba ndogo ya udongo yenye mafiga matatu katikati na uchaga wa fito juu yake. Nikaweka sufuria kwenye kigoda karibu na mlango, nikatia mahindi yaliyokobolewa, maharage, chumvi, maji. Kwetu makande huwekwa motoni asubuhi na yanaiva wanafunzi wakirudi kutoka shule. Mama alikaa mbele ya ile sufuria mikono mapajani, anaitazama, hakuondoka. Ilipolia akaruka. Nikafungua, nikampa kijiko.

Alitafuna muda mrefu. "Yameiva," akasema. "Hayanuki chochote, lakini yameiva."

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimjua mama yangu. Nilijua nikigeuza kisogo ataona umeme ni ghali na kuni ziko nyuma ya nyumba bure. Kwa hiyo nikamwapisha. Biblia ilikuwa imeazimwa na jirani, nikaleta kitabu cha nyimbo, nikamwekea mkono juu yake. "Sema sitapika tena kwa kuni."

Alinitazama vizuri, kama anayesoma karatasi kabla ya kutia sahihi. "Sitapika tena kwa kuni," akasema. Nikashuka mlima nikiimba.

Vuli yote nilimpigia simu kila jioni nikitoka kazini. Unatumia sufuria? Naitumia. Hupiki kwa kuni? Tangu uondoke sijapika. Na kati ya jibu na jibu, kikohozi. Mwezi wa kwanza nilijipa moyo kwamba kifua kinajisafisha. Mwezi wa pili nilijipa moyo kwamba ni ukungu. Mwezi wa tatu sikuwa na moyo wa kujipa. Nilimpigia daktari, akauliza kama moshi umeisha, nikasema umeisha. "Basi labda tulichelewa," akasema.

Hilo neno lilinivuruga. Nilianza kuyatazama matangazo kwa makini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Ndipo likaja la mashine ya kusafisha hewa. Bibi amelala kitandani anahema kwa shida, mjukuu anawasha mashine nyeupe, bibi anaamka anacheza muziki. Nawaapia sikuona kichekesho chochote. Niliuza friji yangu ndogo, nikaanza kunywa maji ya moto katika joto la Same, nikapiga simu. Hongera, mmoja wa ishirini. Nauli ya kupanda nayo sikubaki nayo, na siku ya mapumziko ya mwezi nilikuwa nimeshaitumia kufuata dawa, kwa hiyo nikaituma kwa dereva wa gari la huko juu. Mama akanipigia kusema imefika, ni nzuri, inapiga kelele kidogo kama nyuki. Nikamwambia iache iwake mchana kutwa.

Kikohozi hakikubadilika. Siku moja ya Februari simu ikakatika akiwa katikati ya sentensi. Nikapiga tena, akapokea, hakusema kitu, nikamsikia tu anavuta hewa. Haukuwa mtandao. Pumzi ndiyo ilikuwa imeisha. Sikumuomba bosi ruhusa, nilimwambia naondoka, nikatafuta bodaboda.

Kutoka kona ya mwisho nyumba yetu inaonekana yote. Nikaona moshi. Ulikuwa unatoka chini ya bati la jiko pande zote, mzito, wa kuni mbichi. Nilimwambia dereva asimame, nikapanda mbio kwa miguu, sikuweza kusubiri hata azungushe pikipiki.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya mafiga, kanga kaziba nayo pua, anapuliza moto. Kwenye mafiga hakukuwa na chungu wala sufuria. Moto mtupu. Karibu na mlango sufuria ya umeme ilikuwa inawaka taa yake ya bluu, makande ndani.

Hata sikumsalimia. "Mama, uliniapia!"

"Niliapa sitapika kwa kuni." Alipumzika kidogo, akavuta hewa. "Sijapika. Chakula kile pale, funua uone."

Watani zetu wanatucheka kwamba Mpare anapenda kesi kuliko nyama, na siku ile kama ningekuwa hakimu ningempa mama ushindi. Kila neno alilitimiza. Nikamuuliza, "Sasa huu moto ni wa nini?"

Alinishangaa kweli kweli. "Si wa mbegu?"

Nikainua macho. Juu ya uchaga mahindi yalikuwa yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yametundikwa safu kwa safu, meusi kwa masizi. Mbegu ya nyumba yetu, ile fupi nyeupe ngumu, aliyoletewa mama na bibi siku alipoolewa. Mbegu hukaa juu ya moshi tangu mavuno hadi kupanda, maana moshi ukikoma wiki mbili tu dumuzi wameingia, na ukija kushika hindi unashika unga. Hili halikuwa jambo la kuelezwa. Nilizaliwa nyuma ya ukuta ule, nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuchochea moto huo wakati watu wako shambani na hakuna kinachopikwa. Nilijua. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo. Nilijua, lakini nilikuwa nimetazama jiko la televisheni miaka minne, na lile halina dari, nikasahau dari ya kwetu imebeba nini.

"Mama, mbegu zinauzwa dukani!"

"Za dukani ununue kila mwaka? Na kwenye mawe yale ya juu zinaota?" Akakohoa mpaka nikamshika mabega. Aliponyamaza akasema polepole, "Nikifa na mbegu ikafa, utapanda televisheni?"

Nilikaa chini kwenye majivu na sketi yangu ya kazi nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima. Halafu nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nakijua siku zote, kwa kuwa watu wa bondeni wanafanya hivyo na maharage yao: kwamba dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ukichanganya na majivu makavu, mdudu hapati hewa. Dumu linauzwa pale pale Same, bei ya chakula cha mchana.

Alifikiri. "Halafu zinaota?"

"Zinaota, mama."

"Basi si ungeleta dumu." Hakusema kwa ubaya. "Hukuniuliza. Uliniapisha."

Dumu nililifuata kesho yake. Tukapukuchua mbegu wote wawili uwanjani, tukapepeta majivu, tukajaza, nikakaza mfuniko kwa nguvu zangu zote. Moto ukazimwa. Niliingia sebuleni kuangalia ile mashine ya hewa, nikaikuta inanguruma kwa bidii, imefunikwa kitambaa cha kufuma kuanzia juu hadi chini isiingie vumbi. Nilitoa kitambaa, nikakikunja. Wakati huo sikuwa na haki ya kusema chochote.

Wiki tatu zilizofuata ndizo nilizo nazo. Alilalamika kwamba jiko limepoa kama kaburi na kwamba anakaa humo na sweta. Lakini jioni moja alinipigia yeye, akaniambia sikiliza, akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani bila kukata. Nilikuwa nyuma ya kaunta. Nikamwambia aimbe wa pili, akasema asije akajisifu. Mvua ilipoanza majirani walikuja kumlimia kwa msaragambo, kazi ya ujima, yeye akiwa kwenye kiti ukingoni mwa shamba, dumu mapajani, akiwagawia mbegu kwa kiganja. Waliniambia alikuwa anawafokea kuhusu nafasi ya mashimo. Zikaota zote.

Mahindi yalipofika magotini alipata homa ya mapafu. Mtu mwenye mapafu mazima angeumwa wiki akapona. Tulimshusha hospitali, wakamwekea oksijeni, na yule daktari wangu mpole alisimama mguuni mwa kitanda, hakunilaumu. Nilimuuliza mwenyewe: kama moshi ungeisha kweli ile vuli, siku nilipomwambia umeisha? Alikunja karatasi zake. "Angekuwa na nafasi nzuri zaidi," akasema. Mama alituacha asubuhi ya Alhamisi, mimi nikiwa nimekwenda kumletea uji.

Tulimzika Jumamosi. Matanga yalipoisha nikarudi kwenye kiti changu. Bosi alinipa pole, akanipa na bahasha, halafu akaongeza sauti ya televisheni kwa kuwa wageni walikuwa wanaingia. Mopu ikajizungusha. Kitunguu kikawa ua. Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Habari za leo dada yangu! Napiga kutoka huduma kwa wateja. Tunataka tu kujua, mama anaendeleaje na sufuria yake?"

Ilikuwa ile ile sauti tamu. Nilitegemea nitamtukana. Nilikuwa nimeandaa matusi yangu mwaka mzima.

"Mama tumemzika Jumamosi," nikasema.

Halafu akaanza kusoma, nilisikia kabisa kwamba anasoma: "Pole sana kwa changamoto hiyo. Kwa wateja wetu wa zamani tuna punguzo la..." Akaishia hapo. Nikasikia karatasi. Aliporudi alikuwa anaongea chini chini, na sauti haikuwa tamu tena, ilikuwa ya mtoto wa mtu.

"Dada, samahani. Alikuwa na shida gani?"

"Moshi."

"Mama yangu naye anapika kwa kuni," akasema. "Anakohoa sana. Sisi wafanyakazi tukichukua wanatukata kidogo kidogo kwenye mshahara, nilikuwa nafikiria nimchukulie moja. Niambie ukweli dada. Inasaidia?"

Ukutani yule mama asiye na rangi alikuwa ameinama kwenye moshi wake, mume anatazama saa. Nje wingu lilikuwa limeifunika milima hadi nusu.

"Usinunue kwanza," nikamwambia. "Panda gari uende. Kaa naye jikoni kutwa nzima, umuulize huo moto anauwashia nini."

Nyuma yake niliwasikia wenzake, wengi, kila mmoja na simu yake, wanasema hongera, hongera sana, wewe ni mmoja wa ishirini wa kwanza.